Prof Alianzia Kwenye Ufalme

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, hayo siyaandiki. Waulizwe ndugu zake. Wako wengi, na siku za msiba huwa wanaongezeka. Mimi naandika niliyoyaona, kwa sababu nilikuwa mwanafunzi wake, kisha jirani yake, ukuta kwa ukuta, hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, kisha mtu aliyepoteza shamba zima la mananasi kwa sababu yeye hakujua kuanza habari mahali panapotakiwa. Hasira yangu haijapoa. Anayetaka sifa tupu za mwalimu mzee angojee hotuba za mazishini.

Tulimwita Prof. Mji wote ulimwita hivyo, kuanzia wauza ndagala, dagaa wetu, ufukweni mpaka askari wa kizuizi cha barabarani, na hata mke wake akimwita mezani alisema, "Prof, bugali iko inapoa." Alifundisha biolojia katika sekondari yetu muda mrefu hata akawafundisha watoto wa wale aliowafundisha, na wote hao aliwachanganya majina. Mimi aliniita kwa jina la dada yangu miaka yote. Lakini mmea hakuwahi kuuchanganya na mwingine. Ungempa jani lililokanyagwa na ng'ombe, limekauka, limebaki nusu, angeligeuza, angelikwaruza kwa ukucha, kisha angekwambia ni la nani na ndugu zake ni akina nani.

Darasani kwake kulikuwa na ngazi. Aliichora ubaoni kila mwaka wa shule ulipofunguliwa, toka juu kabisa mpaka chini ambako chaki ilikuwa ikigusa ukingo wa ubao. Juu palikuwa na ufalme, chini yake makundi makubwa, kisha familia, kisha koo ndogondogo, na chini kabisa mmea wenyewe, peke yake, na jina lake. Vitabu vilikuwa vya Kifaransa. Neno ufalme alilitafuta mwenyewe, na alilitamka kwa kunyoosha shingo.

"Nanasi iko kitu gani?" aliniuliza siku moja.

"Ni tunda, Prof."

"We mutoto, umeingia mu nyumba ya batu kwa mulango ya nyuma. Toka. Ingia tena, uanze na ufalme."

Hakuwa anatania. Nilitoka nje, nikafunga mlango, nikagonga, nikaingia, nikaanza na ufalme wa mimea, nikashuka ngazi moja moja huku darasa zima likicheka, mpaka nikafika kwenye nanasi. Hapo ndipo aliponiruhusu kukaa.

Wakati ule niliona ni ukali wa mwalimu tu. Kumbe ulikuwa ugonjwa. Mwanawe alipopata homa kali, alimbeba mwenyewe mpaka kituo cha afya, na muuguzi akamuuliza mtoto ana nini. Prof akaanza na mbu: mbu ni mdudu, wadudu wana miguu sita, katika wadudu kuna wenye mabawa mawili. Muuguzi, mwanamke mwenye akili zake, alimchukua mtoto mikononi mwa baba yake, akamtoboa kidole, akamwekea maji ya mshipa, na alipotoka nje Prof alikuwa bado hajafika kwenye malaria. Wenye pikipiki nao walimjua. Walipenda kumchokoza: "Prof, unaenda wapi?" Naye alijibu, "Kwanza tuseme minatoka wapi," nao wakawasha pikipiki wakaondoka huku wakicheka. Mimi pia nilicheka. Leo sioni cha kuchekesha.

Sasa niseme juu ya zile takataka zake, maana ndivyo tulivyoziita.

Mwanafunzi wake mmoja wa zamani alikuwa anafanya kazi kwenye bustani ya maua Bujumbura. Siku moja alimletea Prof mfuko wa mimea midogo ya kijivu, mikavu, yenye majani membamba yaliyojikunja, haina udongo hata chembe. Prof alifunga kamba za nyavu chini ya ukingo wa paa lake, akaitundika pale, upande unaotazama ukuta wangu. Asubuhi aliichovya kwenye beseni la maji, akaipindua, akaikung'uta, akairudisha juu ya kamba. Ilikula hewa, alisema. Mizizi yake kazi yake ilikuwa kushika tu. Kunywa ilinywa kwa majani.

Mji ukashtuka. Mimea mikavu inayoning'inia nje ya nyumba ya mtu mkali asiyesalimia sana, unajua watu watasema nini. Kina mama wa kikundi cha maombi walikuja na kiberiti. Prof alitoka na kaptura, bila shati, akasimama kati yao na paa.

"Munaogopa nini? Hii iko ndugu ya nanasi!"

"Prof, usituchezee. Nanasi iko wapi hapo?" alisema mama mmoja.

"Ndugu haifanane kila siku. We unafanana na dada yako?"

Yule mama alikuwa hafanani na dada yake kabisa, na jambo hilo lilikuwa na historia nyumbani kwao. Kidogo wapigane. Prof akaingia jikoni akatoka na jani la nanasi, akaligeuza, akalikwaruza chini kwa ukucha, ukaona unga mweupe. Kisha akakwaruza jani la ule mmea wa kijivu. Unga uleule. Aliushika mkono wa kila mama akampaka ule unga kidoleni. Walirudi kwao na kiberiti chao, si kwa kuamini bali kwa kuchoka, kwa sababu baada ya unga alianza na ufalme.

Mama mkwe wake ndiye aliyemshinda. Alikuja kutoka Fizi kumtazama binti yake, akaiona mimea inateseka juani bila udongo, akaihurumia. Prof alipokuwa shuleni aliishusha yote, akaizika vizuri kwenye makopo, akaimwagilia kila jioni. Ikaoza yote moyoni, isipokuwa michache ambayo hakuiona, nyuma ya bomba la maji ya mvua. Prof hakumwambia mkwewe neno baya. Adabu ya mkwe inajulikana. Alikuja kwangu, akakaa jikoni, akalia mbele yangu na machozi yakaingia kwenye sombe, majani ya mihogo, niliyokuwa natwanga. "Ameua kwa huruma," alisema. Mtu huyohuyo sikumwona akilia alipofiwa na kaka yake.

Nilijua habari za familia ile ya nanasi kuliko nilivyotaka. Ukuta ulikuwa mfupi na sauti yake ilikuwa ndefu. Nilijua kwamba zamani wataalamu waliigawa katika nyumba tatu kwa kutazama mbegu: wenye tunda la majimaji, ambamo ndimo nanasi lilimo, wenye mbegu za mabawa, na wenye mbegu za manyoya zinazoruka na upepo, ambamo ndimo mimea yake ya hewa ilimo. Nilijua kwamba wataalamu wamezivunja nyumba hizo na kuzifanya nane, na kwamba habari hiyo ilipomfikia hakula siku nzima. "Banavunja nyumba bila kuuliza benye kukaa ndani," alisema. Nilijua kwamba familia yote ni ya ng'ambo, Amerika, isipokuwa mmea mmoja tu unaoota Afrika, kwenye mawe ya Guinea, na hakuna mtu aliyeubeba kuufikisha huko. Hapo sauti yake ilishuka. Alitamani kuuona huo mmoja kabla hajafa. Baraka na Guinea, hebu fikiria, na yeye hata nauli ya Uvira ilimshinda.

Nimuhesabie na zuri lake, ingawa sina hamu nalo. Zamani, njia ilipokuwa bado inapitika, alitupandisha milimani kuelekea Bibokoboko kutuonyesha miti iliyovaa mimea mingine: majani yenye mikono mipana, maua madogo yaliyokaa kwenye matawi, nyasi zinazoota juu hewani. Alitufundisha kutenganisha vile vinavyokaa juu ya mti na vile vinavyounyonya mti. Miaka mingi baadaye, mbele ya duka la chumvi, wanaume walikuwa wakizungumza juu ya watu wa upande mwingine wa mlima, na mmoja akasema hao ni wanyonyaji tu, kama ile mimea ya juu ya miti. Prof alikuwa anapita na mkate wake. Alirudi nyuma.

"Mumea gani? Taja jina!"

"Prof, tunasema tu."

"Hausemake tu! Inayonyonya inatoboa ngozi ya muti. Ile ingine inakaa, inakunywa mvua yake yenyewe, muti haipoteze kitu. Kama haujui kutenganisha, funga kinywa!"

Wanaume wale walikuwa wengi, na siku zile zilikuwa mbaya. Watu walipotea kwa maneno madogo zaidi ya hayo. Mtaa mzima hakuna mwingine aliyesema. Nilimwona akiangusha mkate, akauokota, akaondoka. Siku ile nilimpenda. Naandika hivyo ili mtu asidhani kwamba hasira yangu ni ya mtu asiyemjua.

Basi, shamba.

Mume wangu alikwenda Misisi kuchimba dhahabu, akapata mke mwingine huko kabla ya kupata dhahabu. Aliniachia watoto na jembe. Nikaazima shamba kwenye njia ya Mutambala, kwa mzee mmoja mwenye ardhi nyingi kuliko nguvu. Kwetu, anayeazima shamba ana sheria yake, haijaandikwa popote na kila mtu anaijua: unalima mihogo, mahindi, karanga, vitu vinavyong'olewa na kuisha. Hupandi kitu kinachokaa. Ukipanda mchikichi, ukipanda mchungwa, ukipanda kahawa, umeutia mguu wako ardhini, na kesho watoto wako watasema ardhi ni yao. Kwa hiyo mwenye ardhi akikuona na mche wa mti, ana haki ya kukutoa siku hiyohiyo, na kilicho ndani ya udongo kinabaki naye.

Mimi nilipanda mananasi. Nilianza pembeni, kwenye mteremko ambako mihogo ilikataa. Yule mzee alipita, akaona, hakusema kitu. Alikula nanasi langu la kwanza kabisa, nilimpelekea mwenyewe kwa heshima, na akasema, "Mama, hii iko tamu, uongeze." Nikaongeza. Shamba likajaa. Wanunuzi wakaanza kuja na pikipiki, wanafunga mananasi yangu nyuma kwa mipira, wanapeleka Lulimba na Misisi ambako wachimbaji wana kiu na hawana subira. Watoto wangu wakarudi shuleni. Nikaweka mabati mapya.

Hapo ndipo mtoto mkubwa wa yule mzee alipoliona shamba. Wakati wa mteremko mtupu macho yake yalikuwa wapi? Alikwenda kwa chefu wa kijiji kushitaki kwamba nimepanda kitu cha kudumu, nataka kuiba ardhi ya baba yake. Na yule mzee, aliyekula nanasi langu mpaka maji yakamtiririka ndevuni, alikaa upande wa mwanawe na kutazama chini.

Baraza likakaa. Wazee wakashindwa kuelewana: nanasi ni mti au ni majani? Mmoja alisema halina shina, kwa hiyo ni majani. Mwingine alisema mahali alipozaliwa mananasi yako palepale tangu utoto wake, kwa hiyo ni mti. Chefu akasema aitwe Prof.

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka nikapika wali. Prof alikuwa jirani yangu, mwalimu wangu, aliyelia jikoni kwangu, na nilijua anachojua. Kila mkulima wa mananasi anajua: mama akishazaa, anakufa, lakini watoto wanaotoka pembeni unawazungusha kwa mkono, wanatoka, unawaacha juani siku kadhaa bila udongo, hawadhuriki, kisha unawapanda unapotaka. Shamba zima la mananasi unaweza kulifunga kwenye magunia ukahama nalo. Hakuna mchikichi wa hivyo. Neno hilo moja lilitosha. Lakini mimi ndiye mshitakiwa, na maneno ya mshitakiwa juu ya mazao yake mwenyewe nani atayaamini?

Jioni ile nilikwenda kwake.

"Prof, kesho useme neno moja tu. Useme nanasi inang'oka."

"Nitasema yote."

"Apana, Prof. Bale bazee hawana subira. Anza na hilo. Inang'oka. Kisha sema yote unataka, hata mpaka usiku."

Alivua miwani akaifuta kwa shati. "Mama, neno ya mwisho haiwezi kuwa ya kwanza. Banaweza kuikataa, sababu haina kitu inaisimamisha. Lakini nitafika. Ninakuahidi nitafika."

Nikamwamini. Nilimjua toka utoto, na nikamwamini.

Asubuhi alikuja barazani amevaa koti, kwenye jua lile. Mkono mmoja ulishika nanasi lililong'olewa pamoja na mizizi yake. Mwingine ulishika kamba yenye mmea wa kijivu. 

"Chefu, bazee, asante. Tuanze na ufalme," alisema.

Akaanza. Ufalme wa mimea. Mimea yenye maua. Katika yenye maua, inayoota na jani moja na inayoota na majani mawili. Nanasi huota na jani moja, kwa hiyo ni jamaa ya mahindi, ya mupunga, ya miwa.

Chefu akajiinua kwenye kiti. "Kumbe iko majani? Iko sawa mahindi?"

Hapo, Prof! Hapo ungekaa chini! Ungesema ndiyo, Chefu, ungekaa chini, na mimi leo ningekuwa na shamba.

"Apana, Chefu," alisema. "Iko binamu ya majani. Haiko majani. Tusichanganye."

Akashuka ngazi nyingine. Familia ya nanasi. Akauinua ule mmea wa kijivu, akaeleza hewa, akaeleza unga, akaeleza ile mimea inayotega maji ya mvua katikati ya majani mpaka vyura wanazaliana humo. Mzee mmoja akalala. Mwingine akaomba aambiwe vyura wameingiaje katika kesi. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa washitakiwa na kucha zangu zilikuwa ndani ya viganja.

"Familia hii yote," alisema Prof, "karibu yote, inazaa mara moja. Ikiisha kuzaa, inakufa."

Baraza likazinduka. "Inakufa?" aliuliza Chefu.

"Inakufa."

"Mara moja tu, sawa mihogo ukiing'oa?"

Na hapo pia, Prof. Nilikutazama usoni. Nilikutikisia kichwa mbele ya watu wote bila aibu. Alinitazama akatabasamu, tabasamu la mwalimu ambaye anaona mwanafunzi anafuatilia somo, akaendelea.

"Mama anakufa, Chefu. Lakini kabla ya kufa anatoa batoto ku pembeni. Batoto banabaki palepale pa mama. Nao banazaa batoto yabo palepale."

Mtoto wa yule mzee aliruka. "Mumesikia! Palepale! Batoto na bajukuu, palepale! Mwalimu mwenyewe amesema!"

Kelele zikalipuka. Chefu alipiga meza. "Prof, tumeelewa. Asante sana. Inatosha."

"Sijamaliza, Chefu. Iko inabaki ngazi moja."

"Inatosha, Prof."

"Moja tu! Ya mwisho ndiyo ya maana! Mutazame huyu mwenye kukaa mu hewa, mutaelewa ya nanasi!"

Hakuna aliyetazama. Watu walikuwa wamekwisha simama, wanakung'uta nguo, na yeye amesimama katikati na koti lake, anainua ile kamba juu ya vichwa vyao. Mimi nilipiga kelele, "Inang'oka! Nanasi inang'oka!" mpaka sauti ikakatika, na mke wa Chefu akanishika bega akaniambia kwa upole ninyamaze, kesi imekwisha. Uamuzi ulikuwa kwamba shamba linarudi kwa mwenyewe na vyote vilivyo ndani ya udongo. Nisichukue hata chipukizi moja.

Nilimchukia Chefu, na nilimchukia yule kijana, na yule mzee wa ndevu nilimchukia zaidi. Lakini hao walifanya walivyokusudia kufanya. Prof alikuwa na neno langu mdomoni, alikuwa amelibeba salama toka juu ya ngazi, na alilidondosha hatua moja kabla ya mlango kwa sababu ya vyura. Vyura wa Amerika! Jioni ile alikuja kwangu, akasimama uani, akasema kwa sauti ndogo, "Bale bazee banapanga vibaya. Balisimama kabla ya kufika ku nanasi yenyewe." Nikamfungia mlango usoni. 

Sikumsemesha tena. Tulikuwa tunapishana kwenye njia ya bomba na kila mmoja anatazama ndoo yake. Mtoto wangu mkubwa aliacha shule akaenda Misisi, kwenye mashimo yaleyale yaliyommeza baba yake. Wa pili anauza kadi za simu. Shamba lile nimepita mara nyingi kwa sababu njia ndiyo hiyo. Limejaa magugu, mananasi yamekuwa madogo kwa kubanana, hakuna anayewatenganisha watoto. Yule mtoto wa mzee hajui kwamba wanang'oka. Wallahi, hajui, na mimi simwambii.

Mimi nikaanza tena na yale mataji ya majani ambayo wauzaji hukata na kutupa sokoni. Niliyaokota jioni kwenye takataka, kati ya magamba ya samaki, nikayapanda uani kwangu, juu ya kiwanja ambacho ni changu. Taji linachelewa sana kuzaa kuliko chipukizi. Lakini lilizaa.

Mwaka huu presha ilimpiga Prof. Upande wa kuume ukalala, na maneno yakapotea karibu yote. Nilisikia kupitia ukutani kwamba kumekuwa kimya, na kimya kile kiliniudhi kuliko kelele zake. Kisha mke wake akaja mlangoni kwangu, amejifunga kitenge kichwani vibaya, macho mekundu.

"Dada, kuya umuone. Tangu tutoke ku hospitali anasemaka neno moja tu, na anaonyesha ku ukuta yenu. Mi sielewi. Nikileta chai, neno ile. Nikimufunika, neno ile. Pengine we utaelewa."

"Neno gani?"

"Kuya usikie."

Sikutaka kwenda. Niliingia ndani, nikatoka, nikaingia tena. Mwisho nikakata nanasi moja la uani kwangu, kwa sababu hatuendi kwa mgonjwa mikono mitupu hata kama ni mgonjwa wa aina gani, nikazunguka ukuta.

Walikuwa wamemkalisha kwenye kiti chini ya paa, karibu na kamba zake. Mimea ya kijivu ilikuwa pale bado, imezaliana, mke wake ndiye anayeichovya sasa. Prof alikuwa amekonda. Aliponiona mdomo ukaanza kufanya kazi, upande mmoja tu, na mate yakatoka. Nikaweka nanasi mapajani mwake na kukaa kwenye kigoda. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu ya miaka, yamepangwa. Alilitazama nanasi. Mkono wake wa kushoto ulipanda polepole, ukashika taji la majani, ukajaribu kulizungusha, ukashindwa.

"Inang'oka," alisema.

Hakutaja ufalme. Hakutaja familia wala unga wala chura hata mmoja. Alilisema hivyo tu, kavu, la kwanza na la mwisho, kama nilivyomwomba jioni ile.

"Inang'oka," alisema tena, na akanionyesha mimi kwa kidole.

Nilimkasirikia hasira ambayo sikuwahi kuijua. Nilitaka kumtikisa. Sasa? Mbele ya kigoda na mke wake na kuku? "Apana, Prof," nikamwambia. "Si hivyo. Umeingia kwa mulango ya nyuma. Anza na ufalme."

Alijaribu. Mungu shahidi yangu, alijaribu: mdomo ulifunguka, shingo ikanyooka kama zamani darasani, na hakuna kilichotoka. Machozi yakaanza kumshuka, na mimi pia, na mke wake akaingia jikoni kutupisha.

Basi nikaanza mimi. Ufalme wa mimea. Mimea yenye maua. Inayoota na jani moja, binamu ya majani na si majani, tusichanganye. Familia ya nanasi, nyumba zake tatu ambazo walizivunja zikawa nane. Nikaukwaruza ule mmea wa kijivu, nikampaka unga kidoleni. Sikuruka kitu, hata vyura nikawataja. Mama anazaa mara moja, anakufa. Watoto wanabaki palepale. Nikanyamaza hapo ambapo walimnyamazisha, nikamtazama.

"Inang'oka," alisema Prof, kwa sauti kubwa hata kuku wakatoka chini ya kiti, na barazani kwa Chefu siku ile ingesikika mpaka barabarani.